Orodha Kwanza, Tiki Baadaye

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mmoja wenu aliniomba niandike mbinu zangu za kuharakisha mashine. Nimekaa barazani hapa Mwananyamala na daftari kwa wiki ya tatu sasa, na kila nikianza kuandika mbinu naishia kuikata. Basi nitaandika ninayoyakumbuka, na mbinu mtaziokota humohumo. Najua mlikuwa mkiniita Bwana Wasiwasi mkidhani sisikii. Wasiwasi huo sikuzaliwa nao. Niliupata kazini, kwa kosa langu mwenyewe, na ni haki yenu kujua nilivyoupata.

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya themanini katika bohari ya dawa huko Temeke. Haikuwa bohari kubwa ya serikali. Ilikuwa ya jumuiya ya zahanati ndogondogo, kuanzia Chanika hadi huko barabara ya Morogoro. Tulikuwa na ghala la mabati, lori moja, pikapu moja, na chumba kimoja chenye kiyoyozi ambacho kila mtu alikuwa na sababu ya kuingia kuuliza jambo. Ndani yake kulikuwa na kompyuta moja tu, na mbele ya kompyuta alikaa Bi Zuhura, amejifunga khanga mbili juu ya gauni kwa sababu ya baridi.

Bi Zuhura alizaliwa Temeke na alianza kazi kama karani wa kadi za stoo. Wafadhili walipoleta ile kompyuta, wanaume wote waliogopa kuigusa wasije wakaiharibu. Yeye alichukua kitabu chake akaenda nacho nyumbani. Baada ya miezi kadhaa alikuwa ameandika programu ya kugawa dawa, ambayo iliipitia zahanati moja baada ya nyingine, ikaangalia inahitaji nini, ikapunguza kwenye akiba na kuandaa orodha ya kupakia.

Mimi nilifika na cheti changu cha chuo kwenye bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho cheti kiweke. Nenda ghalani ukamwangalie Mzee Kibwana anavyopakia, urudi saa sita."

Niliona nimedharauliwa, lakini nikaenda. Mzee Kibwana, mtunza stoo, alisimama nyuma ya lori na karatasi na penseli. Kila boksi lilipopanda aliliwekea kiganja, akasema "Nimeshika," ndipo akatia tiki. Kuli mmoja alimwita kutoka ndani ya lori, "Mzee, la Chanika limo humu, tia tu." Mzee akavua kandambili, akapanda mwenyewe, akaligusa, akashuka.

"Mie sitiagi tiki maneno," aliniambia. "Natia tiki boksi."

Niliporudi, Bi Zuhura aliuliza nimeona nini. Nikamweleza. Akasema, "Basi umeshaisoma programu yangu yote. Orodha kwanza, tiki baadaye." Kisha akanifafanulia. Programu ikimaliza zahanati moja, iliandika orodha yake kwenye diski, ikasubiri diski ijibu kwamba imeandika kweli, ndipo ikaweka tiki kwamba zahanati hiyo imekwisha. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo. Ukikatika katikati, programu ilianza tena kwenye zahanati ya kwanza isiyo na tiki, na hakuna aliyerukwa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku yetu kubwa ilikuwa Alhamisi, siku ya dawa za baridi. Dawa kama insulini haziwezi kusafiri kwenye joto, kwa hiyo zilipangwa kwenye madeli pamoja na barafu. Dereva wetu Saidi aliinunua barafu Kunduchi, kwa wauza samaki, na kuifikisha saa tatu asubuhi imefunikwa kwa magunia na pumba za mbao. Kuanzia hapo tulikuwa tukishindana na jua. Ilikuwa lazima lori liondoke saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo tungekuwa tunasafirisha maji. Programu ya Bi Zuhura ilimaliza saa tano, na saa moja iliyobaki ilitosha kupakia.

Orodha ya Chanika ilikuwa na mstari ambao sikuwahi kuufikiria, ingawa niliuchapa kila wiki kwa miaka: insulini, vichupa viwili, mgonjwa mmoja.

Katikati ya miaka ya tisini ile kompyuta iliungua, umeme uliporudi kwa kishindo. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa, na kompyuta ziliuzwa madukani pembeni ya mafeni na majiko ya mchina. Tulinunua mpya, yenye nguvu mara nyingi kuliko ya zamani. Ndugu yangu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni alinipa mfumo wa kuiendeshea, rundo la disketi lenye msimbo wake wote, hata wa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoshika diski, printa na kumbukumbu. Mtu aliweza kukifungua kiini na kukirekebisha kwa mkono wake. Sikulala vizuri kwa furaha.

Tatizo lilikuwa programu ya Bi Zuhura. Msimbo wake wa asili, yaani maagizo aliyoyaandika mwenyewe, ulikuwa kwenye disketi zilizoota ukungu. Tulibaki na programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine tu, na hiyo ilijua kuishi ndani ya mashine ya zamani na si penginepo. Ikabidi nitengeneze mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Nyie mnaiita mashine pepe. Sisi tuliiita mpangaji.

Fikirini nyumba zetu za uswahilini. Mwenye nyumba ni kiini, na mpangaji ni mashine ya kuigiza yenye programu ya Bi Zuhura. Mpangaji akiwa chumbani kwake anafanya kazi kwa kasi ya kawaida. Lakini bomba, choo na mlango wa nje vyote vina kufuli, na funguo anazo mwenye nyumba. Mpangaji akitaka maji ni lazima atoke, agonge, asubiri, arudi. Akigonga mara mbili kwa siku hakuna ubaya. Huyu wetu aligonga bila kupumzika.

Alhamisi ya kwanza ya majaribio, mpangaji alianza saa tatu na kumaliza saa tisa alasiri. Barafu ilikuwa imeshakuwa dimbwi sakafuni na Saidi anaipiga deki. Wiki zilizofuata Bi Zuhura aliandika orodha za dawa za baridi kwa mkono, pua ikikaribia kugusa karatasi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwanza.

Meneja wetu, Bwana Shayo, alituita wote wawili.

"Mama, macho yako siyaoni yakifika mbali na kazi hii. Na wewe, bwana mdogo, mashine mpya kushindwa na ya zamani ni aibu. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana, dawa za baridi tunaziacha. Siku hizi maduka ya dawa yamejaa mjini, zahanati zikanunue huko."

"Chanika kuna duka gani la insulini?" Bi Zuhura akauliza.

Meneja alitazama kalenda ukutani. Tulitoka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikirudi nyumbani usiku. Mke wangu alidhani nimepata mwanamke mwingine, na kumweleza kwamba ni kiini cha mfumo hakukusaidia.

Jambo la kwanza nililofanya, na hili nawausia, lilikuwa kuhesabu kabla ya kugusa kitu. Niliweka kihesabio ndani ya kiini, kinaandika kila mpangaji anapogonga na anataka nini. Baada ya dakika chache tarakimu zilikuwa zimefika mwisho wa kioo. Karibu zote zilikuwa swali moja: kuna mtu amebonyeza kibodi? Hapana. Kuna mtu amebonyeza? Hapana. Kwenye mashine ya zamani swali hilo lilikuwa bure. Kwetu, kila swali lilikuwa safari ya kwenda na kurudi.

Nikaandika mistari michache kwenye kiini. Mpangaji akiuliza swali lilelile mfululizo, aambiwe akalale, na kibodi ikiguswa ataamshwa. Kukiunda upya kiini kulichukua mchana mzima, na mashine ilitoa joto hadi kiyoyozi kikasalimu amri. Alhamisi iliyofuata tulimaliza saa saba. Tulikuwa tumeokoa saa mbili, na bado tulichelewa. Mwezi ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Kihesabio sasa kilinionyesha kitu kimoja tu kikubwa, yaani mpangaji kusimama mlangoni akisubiri diski. Anaandika ukurasa, anasubiri, anaandika mwingine, anasubiri. Diski ni kitu kinachozunguka na haina haraka. Lakini kiini kilikuwa na kumbukumbu tele iliyokaa bure. Nikajiambia: mpangaji akileta ukurasa, kiini kiupokee, kimjibu "tayari, nimeandika" papo hapo, kisha kiuandike baadaye kitakapopata nafasi, kwa mpangilio kinaouona una unafuu. Mistari yenyewe haikufika kumi. Nilijua ninachokifanya, na hapa ndipo sina pa kujificha. Nilijua, nikajiambia umeme hautakatika Alhamisi asubuhi. Tulikuwa na kisanduku cha betri cha kushikilia mashine, lakini kilikufa zamani na kazi yake ilikuwa kubeba chupa ya chai.

Alhamisi ya kwanza ya mistari hiyo tulimaliza kabla ya saa nne. Meneja alinishika mkono mbele ya watu. Mzee Kibwana alikuwa bado hajavua koti.

Bi Zuhura hakupiga makofi. Alivuta kiti karibu yangu.

"Umepunguza nini, mwanangu?"

"Kusubiri tu, mama."

"Kumsubiri nani?"

Nikamjibu kwa maneno mengi ya kitaalamu, mengine ya Kiingereza, nikiyapanga haraka ili asipate pa kuingilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akarudi mezani kwake. Nililiona jicho lake zima limenikalia, na niliona aibu hata kabla sijajua nitaaibikia nini.

Alhamisi iliyofuata, katikati ya kazi, umeme ukakatika. Ulirudi baada ya nusu saa. Niliwasha mashine, mpangaji akasoma tiki zake na kuendelea, na orodha zikachapwa. Mzee Kibwana alishika kila boksi lililokuwa na orodha. Lori liliondoka mapema kuliko siku zote. Nilikwenda msalani nikanawa uso, nikajiambia wasiwasi wangu ni wa kijinga.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilimkuta nesi wa zahanati ya Chanika, Sista Paulina, amekaa kwenye ngazi ya ghala na deli tupu magotini.

"Mmetufuta?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Hatujamfuta mtu, sista. Kwa nini?"

"Alhamisi lori limepita, halikusimama. Nina mtoto wa insulini, Athumani, ana miaka tisa. Kichupa kimeisha jana asubuhi. Usiku kaanza kutapika."

Nilikimbilia kwenye mashine. Tiki ya Chanika ilikuwepo. Orodha ya Chanika haikuwepo. Vyote viwili vilikuwa kwenye kumbukumbu vikingoja zamu, kiini kikaanza kuandika tiki kwa sababu ilikuwa fupi, na umeme ukakatika orodha ikiwa bado. Programu iliporudi iliona tiki, ikaamini Chanika imekwisha, ikapita. Bi Zuhura alikuwa ameandika programu isiyoweza kumruka mtu, na mimi nilikuwa nimeiweka mikononi mwa mwenye nyumba mwongo.

Bi Zuhura alikuwa ameshaingia na kusimama nyuma yangu. Nilimwambia yote, safari hii kwa Kiswahili chepesi.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Ndiyo maana ilienda haraka. Chukua dawa, twende."

Saidi aliendesha pikapu, Sista Paulina na Bi Zuhura wakakaa mbele, mimi nyuma nimelikumbatia deli. Barafu tuliomba kwa muuza soda wa jirani. Njia nzima nilihesabu saa tangu jana asubuhi, nikifika mwisho naanza upya, kana kwamba zingepungua. Baada ya lami kwisha tulipita mashamba ya mihogo na misingi ya nyumba mpya, na kila shimo niliona ni langu.

Athumani alikuwa amelazwa kwenye mkeka, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sista Paulina alimchoma sindano, akamtundikia dripu kwenye msumari wa dirisha. Nilikaa chini karibu na mlango. Sikuwa na kazi yoyote pale, lakini sikuweza kutoka.

Mama yake aliniletea maji ya kunywa. Alidhani mimi ni daktari.

"Sie hatukuwa na wasiwasi sana," alisema. "Nesi alishatuambia orodha inatolewaga na kompyuta. Kompyuta haimsahau mtu."

Niliyashika yale maji, nikashindwa kuyanywa. Nilitaka kumwambia kwamba haikusahau, kwamba ni mimi niliyeifundisha kudanganya ili nipongezwe. Bi Zuhura alinitazama, akajibu kwa niaba yangu: "Safari hii ilisahau, mama Athumani. Tumekuja kuomba radhi." Mama yule hakuelewa kwa nini watu wa mjini wanamwomba radhi. Jioni tulimpeleka mtoto hospitali kwa pikapu ileile. Alilazwa siku kadhaa, akapona.

Jumatatu niliondoa ile mistari kabla sijaweka begi chini. Kisha nikaenda kwa meneja kumweleza, nikiwa nimeandika na barua ya kuacha kazi.

Bwana Shayo hakuitaka barua. Alitaka kasi. "Umeme haukatiki kila Alhamisi," alisema. "Irudishe ilivyokuwa. Tutanunua betri bajeti ikiruhusu."

"Siirudishi, bwana."

"Basi dawa za baridi zimekwisha. Saa saba barafu imeyeyuka, unajua wewe mwenyewe."

Mzee Kibwana alikuwa mlangoni na karatasi za kusainiwa. Akakohoa.

"Samahani, bosi. Hiyo barafu si ingekuja saa tano?"

Ikabidi Saidi aitwe. Alieleza, akitazama viatu vyake, kwamba barafu inapatikana Kunduchi mchana kutwa. Yeye huenda alfajiri kwa sababu ndipo samaki wanaposhuka, na ukiwahi unapata kitoweo kizuri kwa bei ya ufukweni. Akaongeza kwa upole kwamba kila Alhamisi huwa anamletea bosi samaki wawili, aina ya changu.

Meneja alisaini zile karatasi bila kuzisoma. Tangu wiki hiyo barafu ilikuja saa tano, orodha zilitoka saa saba, lori liliondoka saa nane na barafu ngumu. Wiki zote zile nilikuwa nimefumua kiini cha mfumo wa kompyuta ili dereva asibadilishe saa ya kununua samaki. Kwa hiyo mbinu yangu ya kwanza ni hii: kabla hujaifungua mashine, uliza kwa nini saa ni ile.

Baadaye nilipata kasi ya halali. Nilikifundisha kiini kukusanya kurasa zote za orodha ya zahanati moja, kuziandika kwa mkupuo, kusubiri diski ijibu kweli mara moja tu, ndipo kipokee tiki. Tukawa tunamaliza saa tano na nusu. Bi Zuhura, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, aliniuliza tena nimepunguza kumsubiri nani. Nikamjibu kwa sentensi moja, "Diski, mama, ila sasa naisubiri mara moja kwa kila zahanati," na alicheka mpaka khanga ikadondoka. Alistaafu mwaka uliofuata, na kiti chake nikakikalia mimi.

Mzee Kibwana naye alinipa adhabu yake, ingawa hakuiita hivyo. Kila Alhamisi alinisubiri nyuma ya lori. Nilipanda, nikaweka kiganja juu ya deli la Chanika, nikasema "Nimeshika," ndipo akatia tiki. Makuli walicheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Miaka ikapita hivyo. Alhamisi moja, Mzee akiwa karibu kustaafu, nilichukua orodha ya Chanika kutoka kwenye printa na ule mstari haukuwepo. Hakuna insulini, hakuna mgonjwa mmoja. Nilikagua diski, nikakagua tiki, nikakagua kiini changu, vyote vizima. Halafu likaja wazo jingine, baya zaidi, kwamba safari hii mashine haikukosea na mtoto hayupo tena. Chanika hakukuwa na simu. Nilirudi kwenye printa, nikaanza kupekua orodha za zahanati nyingine, moja baada ya nyingine, sijui nikitafuta nini.

Niliikuta kwenye orodha ya zahanati iliyo karibu na Kilosa. Insulini, vichupa viwili, mgonjwa mmoja. Pembeni kulikuwa na maelezo aliyotuma Sista Paulina, ambayo karani aliyaingiza bila kunitajia: mwanafunzi wa bweni, kidato cha kwanza, ametoka Chanika.

Nilishuka ghalani nikapanda lorini. Mzee Kibwana alinionyesha deli la Chanika kama kawaida. Nikalipita, nikalitafuta la Kilosa kule ndani, nikaweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi.

"Nimeshika," nikasema.

Mzee alinitazama kidogo, akatafuta mstari kwenye karatasi, akatia tiki.